Neno Zuri Walilopewa Watu wa Temeke

Vijana mnaoingia kazi ya ukalimani mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kortini na kwenye mabaraza. Kama mnangoja niwaeleze nilivyopanda cheo, mtachoka bure. Mkalimani hapandi, anasogezwa tu karibu na meza. Nitaeleza kazi, na kwa kuwa sasa sina wa kunifukuza, nitatapika na yale tuliyokuwa tukiyameza.

Mie si mtu wa Pwani. Nimezaliwa kusini, upande wa Masasi, nikafunzwa Kiingereza na wamisionari waliotuchapa viboko kwa kila neno tulilolikosea. Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilipokwisha, kwetu ilibaki njaa. Baba alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na hadi leo hakuna aliyekuja kutuambia alianguka wapi. Nikafunga safari na wenzangu hadi Dar es Salaam, tukitafuta chochote cha kufanya. Korti ilikuwa na shida ya watu wanaojua Kiingereza, wakanichukua nikiwa bado na vumbi la njia.

Siku yangu ya kwanza niliumbuka. Shahidi mmoja, muuza samaki wa Kunduchi, alimsema ndugu yake kwamba ana mkono wa birika. Kila mtoto wa Pwani anajua kwamba huyo ni bahili. Mie wa Masasi nikamfasiria hakimu kwamba ndugu huyo ana kilema cha mkono. Hakimu, mtu wa kutaka kuona ushahidi kwa macho, akaamuru mkono uletwe mezani. Yule bwana akakunja kanzu, akaonyesha mkono mzima kabisa, na korti nzima ikaangua kicheko. Niliporudi kwenye benchi nilitamani ardhi ipasuke.

Aliyeniokoa ni Mzee Athumani bin Sefu, mkalimani mkuu wa korti ile, Mshomvi, mwenyeji wa Pwani ile, aliyejifunzia Kiingereza Unguja kwa daktari mmoja. Alikuwa mwembamba, msafi, kofia yake haijawahi kupinda hata siku moja. Akanivuta pembeni, akasema, "Cosmas mwanangu, Kiingereza unacho. Kilichokupungukia ni Kiswahili. Usione haya, njoo kwangu jioni ukae na kina mama barazani, wao ndio watakaokufunza." Nikaenda. Kwa mkewe nilijifunza matusi, mafumbo na majina ya mapishi, na vyote vitatu vilinifaa kortini.

Mzee Athumani ndiye aliyenipa kanuni ambazo nyie mnazisoma leo kama zimeshuka mbinguni. Simama ubavuni mwa shahidi, usisimame nyuma yake, akakudhani mchawi. Sema "mimi" anaposema "mimi", usijitie "yeye anasema". Usitafune tambuu. Tusi lifasiri tusi, hata kama hakimu atakunja uso. Si wewe uliyetukana. Mtu akilia, nyamaza, kilio hakina Kiingereza. Nilizishika zote. Yeye mwenyewe alivunja moja, mara moja, na hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Ni lazima kwanza mjue mji ulivyokuwa. Mjerumani kaondoka, Mwingereza kaingia, lakini hakuna aliyejua kama huyu ni mwenye nyumba mpya au mgeni wa kupita. Wao wenyewe walisema wanangoja wakubwa wa Ulaya wakae mkutanoni waamue nchi hii ni ya nani. Wakati wakingoja, wakatuletea askari wa kulinda amani. Wazungu wao walikuwa wachache. Wengi walikuwa watu weusi kama sie, Wanyasa, na Wanubi wa asili ya Sudani waliobaki kutoka vita hadi vita. Walizungumza Kiswahili cha kambini, kile cha "wewe kwenda, mimi piga". Ukiwauliza wamekuja kufanya nini, wanakujibu, kulinda amani. Vita imekwisha, Mjerumani hayupo, amani mnailinda nani asiichukue? Hapo hukuti jibu. Nadhani hata wao hawakupewa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa siku ya tatu walitaka shamba.

Walilolitaka lilikuwa Temeke, shamba la minazi la Bi Mwanahawa binti Kondo, mjane mwenye mwana mmoja, Salum, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Lilikuwa shamba zuri, la mteremko, lenye kisima. Mumewe amezikwa humo humo, kando ya kisima. Minazi ile ndiyo iliyomlisha, na kaburi lile ndilo lililomweka pale. Ndugu zake walimtaka arudi kwao Kisarawe, akakataa, akasema mahali pake ni ubavuni mwa mumewe na pameshapimwa.

Kapteni wa kambi aliita baraza mle mle shambani. Mzee Athumani alifasiri, mie nikiwa nimefuata kujifunza. Kapteni akasema kwa Kiingereza kwamba jeshi litalishika shamba hili hadi mambo yatakapotulia, kisha litaangaliwa tena. Ni hayo tu. Nilisikia kila neno, na hakuna gumu hata moja.

Mzee Athumani akageuka kwa watu, akasema, "Serikali inalichukua shamba hili kuwa amana."

Nyie mnaotoka bara nisikilizeni hapa. Kwa watu wa Pwani amana si neno la mchezo. Ni mali uliyompa mtu akuwekee, mbele ya mashahidi, naye akapokea. Hali, havai, hakopeshi. Nyumba yake ikiungua, ataokoa amana yako kabla ya vyombo vyake. Nawe uliyeiweka una adabu zako. Huendi kila asubuhi kuchungulia kama ipo. Kufanya hivyo ni kumwita mwenzio mwizi.

Minong'ono yote ikakatika. Wazee waliokuja wamekunja nyuso wakakunjua. Bi Mwanahawa akainuka, akawaita majirani wawili wasimame kando yake, akamwendea Kapteni na mkono wake wa kulia mbele. "Nimekukabidhi, bwana," akasema, "na hawa ni mashahidi wangu. Mungu ni shahidi wa tatu."

Kapteni akaupokea mkono, akatabasamu, akauliza mama anasema nini.

"Anasema karibuni," akajibu Mzee Athumani.

Tukarudi mjini kwa miguu. Nilikuwa kijana, lakini masikio yalikuwa yangu. Nikamwambia, "Baba, yule hakusema amana."

"Kasema watashika," akanijibu, wala hakupunguza mwendo. "Kuna kushika kwa mwizi na kuna kushika kwa mlezi. Nimewachagulia kuzuri."

"Na kama wao wanashika kwa kule kwingine?"

"Ndiyo maana nimewafunga. Amekabidhiwa mbele ya mashahidi, hana pa kutokea. Wewe mtoto, neno zuri ni kamba."

Alijisifu. Nami nikamwamini, maana nilimpenda, na nilikuwa sijaona bado kamba ile imefunga mguu wa nani.

Niliona baadaye. Upande wa Kunduchi kulikuwa na kambi nyingine, ndogo, na watu wa kule hawakupewa neno zuri. Waliambiwa ondokeni, basi. Wakaja juu. Wakamwandama Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, ofisini na njiani, wanawake wakatandika mikeka barabarani magari ya jeshi yasipite, wakatukana hadi sie wakalimani tukaona haya kufasiri, ingawa tulifasiri. Jeshi likachoka, kambi ikahamishwa. Watu wa Temeke walipoyasikia waliguna, wakasema wale hawana adabu. Wao walikuwa wameweka amana. Wakakaa kimya, miaka ikapita, kapteni huyu akaenda, akaja mwingine, na yule mwingine naye akabadilishwa. Wakubwa wa Ulaya wakaamua nchi ipewe Mwingereza aitunze. Askari hawakuondoka. Amani, walisema, bado changa.

Kisha minazi ikaanza kuanguka. Askari walitaka uwanja wa kulenga shabaha, na minazi ilikuwa inazuia risasi. Wakaikata safu kwa safu, jioni wakala ule moyo mweupe wa kileleni, ambao sie hatuuli ila mnazi umeangushwa na upepo. Bi Mwanahawa alivumilia safu ya kwanza. Amana inaliwa, lakini huenda mwenye nyumba hajui, ni watumishi tu. Ya pili ilipoangushwa alivaa buibui, akawachukua mashahidi wake, sasa mmoja anatembelea mkongojo, akaenda langoni.

"Nimefuata amana yangu," akamwambia askari wa zamu.

Mnyasa wa watu, mpole kabisa, akamjibu, "Amani iko, mama. Amani mingi. Wewe rudi nyumbani, lala."

"Sikusema amani. Amana."

"Ndiyo, mama. Sisi nalinda hiyo hiyo."

Alinisimulia mwenyewe, na hakuwa anacheka. Mie nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, hadi nilipouona uso wake.

Ndipo akafungua kesi. Hakimu alikuwa Bwana Shauri mwenyewe, na kwa kuwa Mzee Athumani aliitwa kutoa ushahidi, ukalimani ukaniangukia mie. Mambo yote yalisimama juu ya neno moja. Kama jeshi lililipokea shamba kuwa amana, basi kuna ahadi, na ahadi ina korti. Kama halikulipokea hivyo, jeshi lilichukua shamba wakati wa hatari, na lililochukuliwa hivyo huliulizi. Yule kapteni wa kwanza alikwisharudi kwao, na ilisemekana amefariki. Aliyebaki duniani anayejua kilichosemwa kwa Kiingereza ni Mzee Athumani. Na mie, lakini mie hawakuniuliza, kwa vile mwanafunzi hakuwa na jina barazani.

Asubuhi ya kesi tulikutana naye nje ya korti. Kofia yake ilikuwa imepinda. Akaniambia, "Nikisema Kapteni ndiye aliyetamka, bibi anapata shamba lake. Nikisema ni mie, hapati kitu."

"Utasemaje?"

"Nimekwishaapishwa mara ngapi humu ndani, Cosmas? Nimewaapisha wangapi?"

Akapanda kizimbani, akashika Msahafu. Hakimu akauliza, nikafasiri: "Neno amana lilitamkwa na ofisa, au ni lako?"

Mzee Athumani alimtazama Bi Mwanahawa, si hakimu. "Lilikuwa langu," akasema.

Nikalipeleka kwa Kiingereza. Hamjui ilivyo kumfasiri mtu aliyekufunza kufasiri, naye anajivua nguo mbele za watu, nawe huruhusiwi hata kumpunguzia. Nilisema "mimi" mahali aliposema "mimi", kama alivyonifunza. "Lilikuwa langu," nikasema kwa sauti yangu mbele ya korti nzima.

Hakimu akamuuliza Bi Mwanahawa kama ana swali kwa shahidi. Akasimama. Nilijiandaa kwa matusi, na niliyajua yote.

"Athumani," akasema taratibu, "ungenitukana siku ile, ningejua la kufanya."

Akakaa. Hukumu ilikuwa fupi. Serikali haifungwi na neno ambalo haikulisema. Mie ndiye niliyemfasiria bibi, naye akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama atapewa ruhusa kuzuru kaburi la mumewe. Hakimu akasema aombe kambini.

Mzee Athumani hakurudi kazini. Watu wa Temeke hawakumpiga wala kumzomea, ila waliacha kumpa salamu, na kwa mtu wa Pwani hilo ni kama kuzikwa umesimama. Mkewe aliniambia alikuwa akikaa ndani, milango imefungwa, akijisemea peke yake Kiingereza kisha Kiswahili, Kiingereza kisha Kiswahili, kama anayetafuta neno lingine. Alikufa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Wengi kazini wanasema alikuwa mwongo. Wengine wanasema alikuwa mkweli hadi akawaponza watu. Mie namkasirikia hadi leo, na nikipita kwenye kaburi lake nasimama. Yote mawili ni kweli na sina haja ya kuchagua.

Tangu kesi ile, kwa miaka mingi sikulitumia neno amana. Hata baada ya vita ya pili, walipokuja wageni kutoka ule mkutano mpya wa mataifa kutuuliza hali, tukaamriwa kuwaambia watu kwamba nchi sasa iko chini ya udhamini, nilisema udhamini kama lilivyoandikwa, nikafunga mdomo. Bi Mwanahawa alikuwepo barazani, mzee sana, Salum kamshika mkono, sasa ni mwanamume wa kazi za bandarini. Akauliza kwa sauti, "Mdhamini ndiye anayelipa mkopaji akikimbia. Sie tulimkopa nani?" Nililifasiri swali kwa wageni. Wakaliandika, wakashukuru.

Askari walikuwa bado wapo. Wale wa zamani walikwishastaafu wakarudi Nyasa, wakaletwa wengine waliotoka kupigana na Mjapani huko Bama, na ukiwauliza kazi yao walikupa jibu lile lile la wenzao.

Nikiwa karibu na kustaafu, Salum alikuja nyumbani kwangu asubuhi, kofia mkononi. "Shikamoo, mzee. Mama ametutoka."

Nikampa pole. Akasema mama aliusia jambo moja tu, alazwe ubavuni mwa baba. Alitaka niende naye kambini nikamsemee. Nikaenda. Kapteni aliyekuwepo alikuwa kijana, mwekundu wa uso, na lazima niseme haki, alikuwa mtu mwema. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba uwanja wake wa shabaha una mwenyewe. Alisikiliza, akatoa ruhusa pale pale, akasimamisha mazoezi, akawatuma askari wakasaidie kuchimba. Kaburi likachimbwa safi, kando ya kisima kilichokwishafukiwa.

Jeneza likaja alasiri, watu wamelibeba kwa kupokezana, wanaitikia shahada. Mie Mkristo nilisimama kando, nimevua kofia. Walipolitua, Kapteni akasogea, akataka kusema neno kwa wafiwa. Alisema vizuri. Alisema mama yao atakuwa mikononi mwa jeshi, watalitunza kaburi lake kama la mtu wao, wasiwe na wasiwasi, wawaamini.

Watu wote wakanitazama mie. Salum akasema, "Kasemaje, mzee?"

Ningeweza kusema watamtunza, ningeweza kusema anawapa pole, na watu wangezika wakaenda zao. Lakini Kapteni alikuwa amesema neno lenyewe, "trust", kwa Kiingereza, kwa kinywa chake, lile ambalo yule wa kwanza hakulisema na Mzee Athumani akamsemea. Safari hii lilikuwa lake. Sikuwa na haki ya kulificha.

"Anasema," nikafasiri, "mumwachie mama amana."

Salum alilitazama kaburi, kisha uwanja wote ule mtupu uliokuwa minazi. Akafuta uso kwa kiganja.

"Inueni," akawaambia wenzake.

"Salum, mama aliusia," mzee mmoja akamwambia.

"Najua alichousia. Inueni, twendeni makaburi ya watu wote."

Wakaliinua, wakageuka, wakatoka langoni na shahada yao. Kapteni akaniuliza amesema kosa gani. Nikamwambia hakusema kosa, amesema neno zuri. Nilimwonea huruma, na nilimchukia, vyote kwa pamoja.

Koplo aliyesimamia wachimbaji, Mnyasa wa makamo, akanijia. "Mzee, kaburi haliachwi wazi. Kwetu nabaya sana."

"Hata hapa," nikamwambia. Kaburi lililochimbwa likakosa maiti litamwita mwingine, kwa hiyo watu hulaza mgomba ndani badala ya mtu. Akaenda nyuma ya jiko la kambi, akakata mgomba, akaubeba begani na mwenzake. Tukaulaza taratibu, hata upande wa kibla tuliuangalia, tukaanza kufukia.

Kapteni akaja akaniuliza tunafanya nini. Nikamweleza kwa Kiingereza. Akatazama udongo unavyoingia, akauliza, "Sasa hili ni kaburi la nani?"

Swali halikuwa langu. Nikalifasiri kwa koplo. Alikuwa anafukia, na hakuacha.

"Letu, bwana," akasema.

Nikalipeleka kwa Kiingereza kama lilivyokuja.